Mwaka Nilioambiwa Nisiinue Mkono

Mchi niliompiga nao yule mpasua mbao ulikuwa wa mama yake. Niliukuta umeegemea ukuta kando ya kinu, nikaushika kwa mikono miwili, nikampiga begani mara moja, na mfupa wa mtulinga ukavunjika kama kuni kavu. Watu wakisimulia habari hii husema nilimpiga mara tatu. Si kweli. Msichana wa Kihehe akifundishwa kutwanga hufundishwa kuinua mchi juu na kuuachia ushuke kwa uzito wake, na ukishuka hivyo huna haja ya kurudia.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Milima ya Mafinga ilikuwa na miti michanga ya misindano, na mashine ya mbao ililia kutwa nzima. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ukunga katika zahanati ya misheni. Nilitokea Kihesa, Iringa, na nilijulikana kwa mambo mawili: mikono myepesi na hasira za karibu. Sista aliyetufundisha, mzungu mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akisema la kwanza limetoka kwa Mungu, na la pili tutalishughulikia.

Siku hiyo Sista alikuwa amekwenda Iringa kuchukua dawa. Akaja jirani wa mpasua mbao, akasema mke wa jamaa yule ana uchungu tangu jana na mtoto hashuki. Nikachukua mfuko wa kazi, nikaenda peke yangu. Kabla sijafika mlangoni nilisikia sauti ya fimbo.

Inabidi nieleze, maana vijana wa leo hawajui. Kwetu, na kwa majirani zetu wengi wa nyanda hizi, mtoto akikawia kutoka husemwa kwamba mama yake anaficha jina. Kuna mwanamume mwingine, na mtoto hatatoka mpaka atajwe. Wanawake wenye akili walijua la kufanya: walitaja wafu. Mama yangu alinisimulia kwamba siku ya kunizaa mimi alimtaja mwindaji mmoja aliyekwisha kuliwa na simba, mtu ambaye hakuwahi hata kumsalimia, na kila mtu akaridhika, na mimi nikatoka. Dada yangu mkubwa hakuwa na ujanja huo. Alikuwa mkweli, akafa mkweli, siku ya pili ya uchungu, akisema hakuna, hakuna, hakuna. Ndiyo maana nilikwenda kusomea ukunga. Wenzangu wengine walipenda sare.

Ndani ya nyumba mpasua mbao alikuwa ameshika ufito mbichi. Mama yake alikaa kichwani pa mkwewe akimwuliza, "Nani? Mtaje tupumzike." Kila mama alipouliza, mwana alipiga. Mapaja ya yule mwanamke yalikuwa na mistari inayotoka damu, na tumbo lake lilikuwa likikaza na kulegea, na hakuna aliyelitazama.

"Toka nje," nikamwambia.

"Wewe mutoto ya misheni," akasema, "hii nyumba yangu."

Akapiga tena. Ndipo nilipouona mchi.

Alipoanguka, mama yake alinirukia. Nikamsukuma, akaangukia mafiga, nyusi ikapasuka, damu ikamjaa jichoni. Hilo ndilo lililokuja kuniponza kuliko bega la mwanawe, kwa maana alikuwa bibi kizee, rika la bibi yangu mwenyewe. Niliwakokota wote wawili nje, nikafunga komeo, nikanawa mikono. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, uso juu. Nilimlaza mama ubavu, nikamsubiri, nikamwongoza kwa vidole, na jua lilipoanza kushuka mtoto akatoka amepauka, kimya. Nikamfuta kinywa, nikampulizia, akalia. Nje baba yake naye alikuwa akilia kwa bega lake, na mama mtu akilia kwa jicho lake. Mimi peke yangu sikulia.

Kesho yake Sista alirudi. Aliposikia, aliniagiza nikamfunge bega yule mtu kwa mikono yangu mwenyewe, kwa sababu aliyevunja ndiye afunge. Nilimfunga vizuri. Alinitazama muda wote bila kupepesa, na wiki iliyofuata niliitwa bomani kwa kosa la kupiga watu wawili.

Baba alikuja kutoka Kihesa kunisindikiza. Alikuwa amekasirika, ila si kwa ajili ya bega.

"Umemwaga damu ya mzee," akaniambia. "Ukifika mbele ya watu, mwanangu, piga magoti, sema nimekosa. Hapo ndipo watakuuliza kilichotokea."

Baba hakunidanganya. Kwetu ndivyo mambo yalivyo. Ukiinua mkono juu ya mtu aliyekuzidi umri, hata kama haki yote iko upande wako, unaanza kwa kukiri. Ukishakiri, wazee wanakuambia inuka, kaa, haya sema sasa. Unasema yote, na mara nyingi anayetozwa mbuzi ni yule uliyempigia magoti. Asiyekiri hasikilizwi kabisa. Ana kiburi, na mwenye kiburi hana la kusikilizwa. Kukiri ndiko kunakofungua mazungumzo. Hakuna aliyetuambia kwamba bomani kukiri kunayafunga.

Bwana Shauri, yaani mzungu wa boma aliyesikiliza kesi, alikuwa kijana mwenye pua iliyobambuka kwa jua. Karani alisoma shtaka. Nikapiga magoti juu ya sakafu ya saruji, nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Nimekosa." Kisha nikainua uso, nikingoja kuulizwa. Bwana Shauri akaandika. Akaendelea kuandika. Nikamtazama karani, karani akanionyesha kwa kidole nisimame.

"Na habari za fito?" nikamwuliza.

"Umeshakubali kosa, dada. Hiyo imekwisha."

Nataka niwe wa haki: Bwana Shauri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia kutoka kwa Sista kwamba mtoto amepona. Akasema, na karani akatafsiri, kwamba kosa limethibitika kwa kinywa changu mwenyewe, lakini hatatoa hukumu leo. Ataiweka hukumu kando kwa mwaka mmoja. Nikikaa kwa amani mwaka huo, nisimpige mtu, ataifuta kesi kana kwamba haikuwapo. Nikiinua mkono juu ya mtu yeyote, nitahukumiwa kwa kosa la zamani na la jipya kwa pamoja.

Tulitoka tukifurahi kama watu waliosamehewa. Baba alininunulia chapati. Mpasua mbao alitoka nyuma yetu, mkono ukining'inia kwenye kitambaa shingoni. Yeye alikuwa amefanya kazi kwa wazungu miaka mingi, na aliielewa hukumu ile kuliko sisi. Alipotupita alitabasamu.

"Mwaka mzima," akasema. "Tutaonana, mkunga."

Sista ndiye aliyenifungua macho. Aliniketisha kwenye benchi ya chumba cha dawa akanieleza kwamba mtihani wa serikali nitaufanya Mbeya pamoja na wenzangu, lakini leseni yangu itazuiwa mpaka mwaka uishe, kwa maana serikali haimpi leseni mtu ambaye kesi yake inaning'inia.

"Wewe sasa hauna hatia na hauna uhuru," alisema kwa Kiswahili chake. "Wewe uko katikati. Usiinue mkono. Hata nzi usimpige."

Bila leseni ningebaki kuchemsha maji na kufua mashuka ya wodi. Nikiwa nayo ningepewa zahanati ndogo ya kwangu, na tena ningepata jambo nililolitaka kuliko mshahara: haki ya kumwambia mtu yeyote atoke katika nyumba ya mwanamke anayejifungua, awe mume, mama mkwe, hata jumbe, na serikali nzima ikiwa nyuma yangu. Nililitaka hilo mpaka nikaliota. Kwa hiyo nikamwapia Sista kwamba mikono yangu nitaikalia.

Kofi la kwanza lilikuja siku ya gulio, bega lake lilipokwisha kupona. Nilikuwa nimeinama nachagua maharage, akaniita kwa nyuma, "Mkunga." Nilipogeuka alinipiga kwa kiganja, sikio likalia hadi jioni. Kisha akasimama mbele yangu, mikono ameishusha, kidevu amekitanguliza.

"Nipige basi," akasema. "Nipige, mkunga. Watu wako hapa, watashuhudia."

Watu walitazama. Wengine walicheka, na sikuwalaumu sana, kwa sababu ilikuwa kichekesho kweli: mwanamke aliyevunja mtulinga wa mwanamume anachuchumaa sasa kuokota maharage yaliyomwagika. Mama mmoja muuza viazi aliniambia polepole, "Mwenye nguvu mpishe, mwanangu." Nikampisha. Nilipofika zahanati niliubana mkono wangu wa kulia kati ya magoti mpaka hasira zikapoa.

Nilikwenda kwa jumbe kushtaki. Jumbe alikuwa akinywa na mpasua mbao kilabu kimoja, lakini si hilo alilonijibu. Alinijibu kweli tupu.

"Nikikupeleka bomani," akasema, "Bwana Shauri atauliza tu, ni yule yule wa mchi? Basi. Atajua mumepigana. Nyamaza, binti, mwaka siyo mrefu."

Mwaka ni mrefu sana. Alinipiga kwa mateke, kwa viwiko, kwa mzigo wa kuni. Masika yalipoingia na ulanzi, ile pombe ya mianzi, ukajaa kwenye mbeta za kuukingia, akazidi. Alinisubiri njiani penye lundo la vumbi la mbao, akanisukuma humo, akanikalia mgongoni, akanijazia vumbi kinywani kwa vidole vyake huku akiniambia nimng'ate. Nilitamani kumng'ata. Vidole vilikuwa ndani, juu ya ulimi wangu, vinanuka mafuta ya msumeno, na taya zangu zilikuwa na nguvu za kutosha kukata mfupa wa kuku. Nilifungua kinywa zaidi ili meno yangu yasimguse. Jino hili la pembeni alilivunja kwa kiwiko mbele ya kanisa, Jumapili, watu wakitoka ibadani na vitabu vyao vya nyimbo. Kila mara alimaliza kwa maneno yale yale: nipige basi.

Hakuwa akinipiga kwa hasira. Angekuwa na hasira ningemwelewa. Hasira na mimi tumelelewa pamoja. Alinipiga kwa hesabu. Alitaka niinue mkono mara moja tu, serikali immalizie kazi.

Baba aliposikia habari za jino langu alichukua mkuki wa babu yake, ambao kwa maneno yake uliwafukuza Wajerumani, akafunga safari. Nilimzuia kwenye mlango wa zahanati. Nilimwambia akimchoma yule mtu watasema nimemtuma mimi, na leseni itakwenda na maji. Mzee alikaa chini kwenye ngazi akauweka mkuki mapajani. Hakuwa amewahi kumwona mtoto wake akipigwa na yeye akakaa. Alirudi Kihesa bila kula.

Mimi hasira nilizipeleka kwenye ulezi. Baada ya mavuno wanawake wa pale walikuwa wakipura kwa fimbo, na nilikwenda uwanja hadi uwanja nikiomba kusaidia. Nilipura mpaka viganja vikatoka malengelenge, na malengelenge yakapasuka, na fimbo ikawa nyekundu. Walifurahi sana. Ulezi wao ulipurwa vizuri mwaka ule kuliko mwaka wowote, na mmoja aliniuliza kama mwakani nitakuja tena.

Mke wa mpasua mbao alikuwa akija zahanati kupimisha mtoto. Mtoto alinenepa, mkorofi, akipenda kuvuta kofia ya Sista. Mama yake alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja nilimwona mgongoni hana alama mpya, nikamwambia nimefurahi kwamba mumewe amemwacha apumue. Alitazama chini, akarekebisha mbeleko.

"Siku akikupiga wewe, dada," akasema, "nyumbani analala mapema."

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Sikujua kama nimhurumie au nimchukie kwa kuniambia. Mwishowe niliamua kumchukia mumewe kwa niaba yetu sote wawili, na hiyo ilikuwa kazi nyepesi.

Mtihani nilikuwa nimeufanya katikati ya mwaka, na nilifaulu. Mwaka ulipotimia nilikwenda bomani. Bwana Shauri alifungua faili, akapiga mstari, akasema safari hii kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Kesi imekufa. Wewe ni mtu huru kabisa." Nililia pale pale mbele yake, mimi nisiyelia, na karani alicheka akanipa kitambaa chake. Kesho yake nilipanda lori la mbao kwenda Mbeya kuchukua leseni yangu.

Tulikaa juu ya mbao, mimi na akina mama wa Kisangu wenye kuku. Uwanda wa Usangu ulituunguza, kisha milima ikatupokea kwa baridi na ukungu, na nilipoona mabati ya Mbeya chini ya mlima niliimba. Wale akina mama walinipa mayai ya kuchemsha wakaniambia Mungu amenikumbuka.

Bwana Mganga Mkuu wa jimbo alikuwa mzungu mrefu mwenye sauti ya chini. Alinipa kiti. Mtu akikupa kiti bomani ujue kuna jambo.

"Mtihani umefanya vizuri," akasema. "Lakini iko ile shauri ya kumpiga mume wa mgonjwa."

"Kesi imekufa, Bwana Mganga. Bwana Shauri ameifuta."

"Amefuta hukumu. Hakufuta maneno yako. Ulikubali mbele ya korti kwamba ulipiga watu wawili katika nyumba ya mzazi, mmoja mama mzee. Baraza letu la wakunga haliangalii hukumu. Linaangalia kama ulifanya."

"Nilifanya," nikasema. "Hakuna aliyeniuliza kwa nini."

"Ungekataa kosa, korti ingeita mashahidi. Ingesikia mambo yote. Labda ingekuachia, na mimi leo ningekupa leseni." Aliweka kalamu chini. "Kwa nini ulikubali?"

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza habari za magoti, za wazee, za kukiri kwanza ili usikilizwe baadaye. Alinisikiliza mpaka mwisho, sitamsingizia. Alisema anasikitika. Alisema naweza kuendelea kufanya kazi chini ya Sista, kuchemsha maji, kusafisha wodi, na pengine baada ya miaka kadhaa baraza likaangalia upya.

Niliitazama mikono yangu juu ya meza yake. Mwaka mzima niliibana, niliikalia, niliipeleka kwenye ulezi ikatoke damu huko. Niliacha vidole vya mtu vikae kinywani mwangu. Na leseni haikuwa imengoja chochote katika hayo yote. Ilikuwa imekwisha kuondoka siku ile ya kwanza, nilipopiga magoti kwenye saruji. Subira huvuta heri, Sista alikuwa akiniambia kila nilipokuja na uso umevimba. Nilivuta mimi, na nilivuta kwa nguvu zangu zote. Nilishuka ngazi za ofisi ile nikitamani kumpiga kila mtu niliyekutana naye, hata mfagizi.

Lori lilinishusha Mafinga mchana, kando ya uwanja wa mashine ya mbao. Mpasua mbao alikuwa pale na wenzake wakipasua gogo. Aliponiona aliacha kazi, akafuta mikono kwenye suruali, akaja taratibu.

"Mkunga! Umeleta leseni?"

Akanipiga kofi. Lilikuwa kofi la kawaida, la salamu. Nadhani aliamini kwamba sasa ninayo leseni nitamwogopa zaidi, kwa kuwa mwenye kitu ndiye mwenye woga. Hilo alilijua sawasawa. Alikosa habari tu.

Karibu na gogo palikuwa na kabari, kile kipande cha chuma wanachopigilia ili mti upasuke. Nilikiokota. Alikuwa ameinua mkono kwa kofi la pili, nikampiga mkono ule ule ulipokuwa hewani, na mifupa yake ikavunjika yote miwili, ncha moja ikatokeza nje ya ngozi. Alipopiga magoti nikampiga taya. Meno yalimtoka pamoja na damu. Alipoanguka kifudifudi nikampiga begani, lile bega nililolifunga mwenyewe, na nikasikia likiachia mahali pale pale. Wenzake walisimama na misumeno mikononi, hakuna aliyesogea. Nilimwambia, "Nipige basi. Nipige, mpasua mbao, watu wako hapa." Hakuweza kujibu kwa sababu ya taya.

Watu wa kanisani hutaka niseme kwamba nilijuta papo hapo. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasikia njaa. Nilikaa juu ya gogo nikala yai la mwisho la wale akina mama wa Kisangu nikingoja askari.

Mara ya pili bomani sikupiga magoti. Karani alisoma shtaka, nikasema, "Sikukosa." Nyuma yangu Baba aliinamisha kichwa kwa aibu ya kuwa na binti mwenye kiburi namna ile. Na kweli, kama Bwana Mganga alivyosema, mashahidi wakaitwa. Muuza viazi alieleza habari za gulio. Watu wa kanisani walieleza jino. Kisha mke wake akasimama, mtoto mgongoni, akaeleza habari za fito tangu mwanzo, mbele ya mumewe aliyefungwa taya kwa bendeji. Ilikuwa mara ya kwanza serikali kuisikia habari yangu yote. Bwana Shauri alivua miwani, akasema amenielewa vizuri sana, lakini nilimpiga mtu aliyekwisha kupiga magoti, na sheria haina namna. Akanipa miezi sita.

Gereza la Iringa lilikuwa na chumba kimoja cha wanawake. Wengi wao waliletwa kwa kupika pombe ya kienyeji bila ruhusa. Tulisaga mahindi, tulisuka mikeka, tuligombana kwa ajili ya blanketi. Kutoka uani nilisikia kengele ya kanisa la kwetu, na nilijua saa ambayo Mama anatoka kuteka maji.

Askari jela mmoja alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu mkali, aliyekuwa akigonga milango yetu kwa rungu ili tushtuke. Siku moja saa sita mchana alikuja mbio bila kofia. Mke wake alikuwa na uchungu katika nyumba za askari, nyuma ya ukuta, na mtoto alikuwa ametanguliza mguu. Gari la boma lilikuwa limekwenda Dodoma.

"Nani hapa alisomea ukunga?" akauliza. "Wewe, siyo?"

"Mimi sina leseni," nikamwambia. Sikuinuka.

"Dada, nani anauliza leseni saa hii? Njoo!"

Nilitaka kukataa. Nilitaka sana. Nilikaa na jiwe la kusagia mbele yangu, na nikafikiria jinsi itakavyokuwa kumjibu kwamba baraza la wakunga halijaniruhusu, na kumwangalia usoni. Kisha nikamfikiria yule mwanamke na mguu ule mdogo uliotangulia kuja duniani peke yake. Nikanawa unga mikononi.

Kazi ilichukua mchana wote. Mguu nilipaswa kuufunga kwa kitambaa na kuuongoza, kisha wa pili, kisha nyonga, kisha mikono, na kichwa kilipokwama nilimwomba Mungu kwa matusi. Askari alisimama mlangoni na rungu lake, kwa maana kazi yake ilikuwa kunilinda nisitoroke. Mtoto alitoka wa kike, mzito, akalia kabla hata sijamgusa kifua. Nilimfunga kitovu, nikamlaza kwa mama yake, nikasubiri kondo la nyuma, nikanawa.

Askari alinisindikiza kurudi. Kwenye mlango wa chumba chetu alisimama, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

"Ndaga fijo, dada," akasema. "Asante sana."

Kisha akafunga mlango kwa ufunguo, akavuta kitasa mara mbili kuhakikisha umefungika.